Umefunga, Mjomba?

Nilipenda kupanda paa kwa sababu juu ya paa hakuna anayekusalimia. Chini kuna shikamoo, kuna habari za shule, kuna "mbona mtoto huyu haongei, ana nini?" Mimi ni mtu wa aibu tangu mdogo. Darasani jibu nilikuwa nalo, mkono ndio haupandi. Kwa hiyo nilipomaliza kidato cha nne na kukaa nikisubiri kupangiwa shule, Mjomba Dadi akaniambia, "Somoe, badala ya kulala unatazama dari, twende kazini," nikaenda. Na huko nikapata mahali pangu duniani: nimekaa kwenye mgongo wa paa, bisibisi mfukoni, watu wote wadogo kule chini.

Naandika sasa kwa kuwa mabaya zaidi yamepita, au naamini yamepita. Nakuandikia wewe uliyelala chali na huwezi kujigeuza. Namwandikia pia huyo aliyekaa kwenye benchi la nje, anayeogopa kuingia wodini kukutazama. Mambo ya uti wa mgongo sitayaeleza. Hayo daktari atakueleza na hutamwelewa, kama mimi. Nitasema yale ambayo hakuna aliyeniambia.

Mjomba Dadi ni mdogo wake mama. Ni fundi umeme mwenye leseni yake, anachukua kazi za majumba pale Mtwara mjini. Nilikaa kwake tangu kidato cha kwanza, maana mama yuko Mahurunga na mihogo yake na mikorosho yake, na kwetu mtoto ni wa mjomba hata kabla hajawa wa baba. Ni mtu wa uangalifu mpaka anachosha. Mafundi wengine hupanda na mkanda wa kiunoni tu, au na bismillahi. Yeye alinunua ule mkanda kamili, unaopita mabegani na kuzunguka mapaja, na wenzake wakamtania kila walipomwona nao: "Dadi, leo tena umevaa pampasi?" Yeye anacheka, anakaza. Na mimi hakuwahi kuniruhusu nikanyage bati bila kuuvaa.

Lakini mkanda peke yake haukushiki. Kinachokushika ni kamba, na kamba nayo lazima ishikwe na kitu. Tulivyokuwa tunafanya ni hivi: kamba inatoka mgongoni kwangu, inapanda, inavuka mgongo wa paa, inashuka upande wa pili mpaka kwenye nguzo ya baraza, na pale Mjomba anaifunga. Mimi nikiwa juu siioni hiyo nguzo. Kwa hiyo nauliza kwa mdomo. Mjomba, umefunga? Nimefunga! Ndipo naegemea nyuma, kamba inakaza, naanza kushuka taratibu kuelekea ukingoni. Nilishafanya hivyo mara nyingi, nyumba nyingi. Kile kitendo cha kuegemea nyuma nilikipenda kuliko vyote. Ni kama kukaa kwenye kiti ambacho hakipo.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, masika yamekolea. Kazi ilikuwa nyumba ya ghorofa ya Baba Neema, mtu wa Mbeya, Mkristo, anafanya kazi bandarini, mcheshi sana. Bomba la kupokelea waya kutoka kwenye nguzo ya barabarani lilitakiwa likae ukingoni mwa paa, upande wa nyuma. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na bati lilikuwa linang'aa. Nilisikia kicheko cha Baba Neema kutoka barazani. Nikasubiri kikatulia.

"Mjomba, umefunga?"

 Halafu sauti yake, nayo ina kicheko ndani: "Nimefunga!"

Nikaegemea nyuma. Kamba haikukaza. Ilikuja.

Sikusikia maumivu, na hilo ndilo lililonitisha. Niliangukia rundo la kokoto, nikasikia mlio ndani yangu kama muhogo mbichi unavunjwa. Mjomba alitokea kwenye kona ya nyumba anakimbia, mkononi ana kipande cha gunia. Nakumbuka nilijiuliza, gunia la nini? Alinipigia magoti, akawa anasema jina langu tu. Kisha watu wakanikamata huku mikono huku miguu, wakanitupia nyuma ya pikapu. Kama hujachukua lolote kwenye maandishi haya, chukua hili: mtu akianguka kutoka juu usimbebe kama gunia la korosho. Mlaze palepale, mshike kichwa kisitikisike, tafuta ubao. Mimi nilibebwa kama gunia la korosho.

Hospitalini nilingoja picha kwenye korido, juu ya kitanda cha magurudumu. Watu walikuwa wanapita wananiinamia. "Pole, mtoto. Umeanguka? Kutoka wapi? Juu ya paa? Msichana?" Mimi ambaye nilikimbilia paa kuwakwepa, sasa kila mtu ananitazama kutoka juu na siwezi hata kugeuza shingo. Nilitazama dari. Ilikuwa na doa la maji lenye umbo la kuku. Nililitazama mpaka nikalichukia.

Daktari alibonyeza dole gumba langu la mguu. "Unasikia?" Nikamjibu, "Umeanza?"

 Akaandika.

Mfupa wa mgongo ulikuwa umepasuka juu kidogo ya kiuno lakini haukuwa umehama sana, kwa hiyo ikaamuliwa nilale chali, nisigeuzwe ila na watu wanne kwa pamoja, mwili mzima kama gogo. Kitanda cha jirani alikuwepo Bi Esha wa Msimbati, bibi Mmakua aliyevunjika paja, mdomo wake ndio pekee uliokuwa mzima. Manesi wakija kunigeuza anapaza sauti: "Gogo hilo! Waiteni Wamakonde walichonge!" Wodi nzima inacheka. Mimi nafumba macho. Siku za kwanza nilimwombea mabaya, Mungu anisamehe.

Nitasema ya mwili, kwa sababu ndiyo yaliyonivunja kuliko kuanguka kwenyewe. Niliwekewa mpira wa mkojo. Nikavalishwa pampasi. Ndiyo, pampasi. Nililala pale nikiwasikia mafundi kichwani, Dadi, leo tena umevaa pampasi, na sikuwa na machozi ya kutosha. Choo kilikuwa kinatoka bila kuniarifu, harufu ndiyo inanipa taarifa, pamoja na watu wote wa karibu. Siku zangu za mwezi zikaja nikiwa hivyohivyo. Mama ndiye aliyenisafisha. Nilikuwa na miaka kumi na nane na mama yangu ananipangusa kama mtoto wa juzi, na hakuna anayesema kitu, yeye anahema tu kwa pua. Siku moja wanafunzi wa udaktari walikuja kundi zima na mwalimu wao, wavulana watupu, shuka likafunuliwa. Mmoja, mwembamba mwenye miwani, alisogea kimya, akanifunika kuanzia kiunoni mpaka magotini, akarudi mahali pake. Hakunitazama usoni. Simjui jina. Namwombea mpaka leo.

Mama alifika kutoka Mahurunga na tope mpaka magotini, gari lilinasa njiani. Hakuingia kwanza wodini. Nilimsikia koridoni.

"Dadi. Nilikupa mtoto mzima."

Nilisikia Mjomba anasimama.

"Nakuuliza wewe. Kamba ilikuwa imefungwa au haikufungwa?"

"Haikufungwa, dada."

"Basi."

Neno hilo moja tu, basi, na tangu hapo mama hakusema naye tena. Anampita kama anavyopita nguzo. Mjomba alikuwa anakaa kwenye benchi la nje kuanzia asubuhi. Bi Esha ndiye aliyekuwa anakiona kivuli cha viatu vyake chini ya mlango, ananiambia. Haingii.

Na mimi, unataka kujua nilikuwa nafikiria nini? Siyo miguu. Nilikuwa nafikiria ile sauti. Nimefunga. Alisema amefunga na hakufunga. Alinidanganya huku anacheka. Mtu aliyekuwa ananikagua mkanda mara mbilimbili, kwa nini alinidanganya? Nililizungusha swali hilo mpaka likawa kama jino bovu, ulimi hautoki hapo. Mama alisema ni uvivu. Shangazi mmoja alikuja kutuona, akasema ni njaa ya saumu, mikono ilimlegea. Wengine walinong'ona kwamba mimi ndiye sikuvaa mkanda, wasichana wa siku hizi. Mjomba hakuwabishia yeyote. Kunyamaza kwake kukaniuma zaidi. Nilikuwa nimepoteza miguu na mjomba kwa siku moja, na nilimtaka mjomba kwanza.

Kumi la mwisho la Ramadhani, Bi Esha ndiye aliyemwita. "Wewe mwanamume wa kwenye benchi! Viatu vyako tumevizoea, tuletee na uso." Akaingia. Amekonda, shati linamning'inia. Akasimama mguuni pa kitanda changu, upande ambao nisingejua hata kama angenigusa. Mama akageukia ukutani.

Mama wa jikoni alikuwa anapita na ndoo ya uji. Kila mwaka mwezi huo lazima aulize, maana si wote wanaokula mchana. Akamfikia Mjomba na kikombe mkononi.

"Baba, umefunga?"

"Nimefunga," Mjomba akasema.

Sauti ileile. Namna ileile ya kulishusha neno. Nilihisi baridi ikinipanda kutoka kiunoni, mahali ambapo mwili wangu ulikuwa unaanzia siku hizo, mpaka kwenye nywele. Umeme tunafunga. Kamba tunafunga. Saumu tunafunga.

"Mjomba," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, kama kawaida yangu. "Siku ile nilikuwa nakuuliza kamba."

Alishika chuma cha kitanda. "Najua."

"Ulidhani nakuuliza saumu."

"Baba Neema alikuwa ananitania na chai yake," akasema, na sasa maneno yakawa yanamtoka bila mpangilio. "Ananiambia fundi, karibu, Mungu haoni nyuma ya nguzo. Anauliza umefunga kweli wewe au unatuigizia? Tunacheka. Mimi natafuta gunia la kuzungushia nguzo, ile kona ilikuwa kali, niliogopa itakula kamba. Kamba iko sakafuni bado. Nikasikia tena, umefunga? Nikajibu. Nikajibu tu, Somoe. Halafu nikaona kamba inakwenda yenyewe, inapanda, kama nyoka."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema watu watacheka." Akafuta uso kwa mkono mzima. "Wakicheka mimi nitakufa."

 Kisha Bi Esha akacheka. Alianza kidogo, akajizuia, akashindwa, akawa anacheka huku analishika paja lake lililovunjika, "Mama yangu, paja, jamani, paja," na kitanda cha pili wakacheka, na mama wa uji akacheka na kuomba msamaha na kucheka tena. Mimi mwenyewe kilinipanda na kunichoma mgongoni kama kisu, nikawa nacheka na kulia kwa pamoja. Mjomba hakufa. Alisimama katikati ya kicheko kile amefumba macho, kama mtu anayenyeshewa.

Mama hakucheka. Aligeuka kutoka ukutani, akasema, lakini akisema na mimi, siyo na yeye: "Kwa hiyo mgongo wa mwanangu umevunjika kwa neno. Mwambie mjomba wako, neno haliungi mfupa."

Usidhani ukweli ukijulikana mambo yanatengemaa. Mimi nilimrudisha mjomba wangu, lakini mama alimpoteza ndugu yake zaidi. Uvivu angeusamehe siku moja, aliniambia. Lakini jambo dogo kiasi hicho, la kuchekesha, atalisamehe vipi?

Nikatolewa hospitali mvua zikiwa zinaisha, nikapelekwa Mahurunga nimelala nyuma ya gari juu ya godoro, nimefungwa ubao. Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, nikuambie ukweli. Hospitalini wote mnalala. Nyumbani wenzako wanatembea. Nilipata kidonda cha kulalia chini ya mgongo ambacho sikukisikia kikianza. Mama alikiona kimeshafika ukubwa wa kisahani. Kila asubuhi anakiosha kwa maji ya chumvi huku nimelala kifudifudi nauma mto, si kwa maumivu, kwa kutoyasikia. Miguu yangu ilipungua. Ilikuwa ya kubebea nyaya ghorofani, ikawa kama miti ya muhogo iliyokauka. Nilikuwa nikiigusa usiku na mchana, na kila nikiigusa ni kama namgusa mtu mwingine aliyelala na mimi kitandani.

Wenzangu wakapangiwa shule za kidato cha tano. Nami nilipangiwa, tena mkoa wa mbali, mchepuo nilioutaka. Mama alipokea taarifa kwenye simu ya jirani, akaja kuniambia, akashindwa kuchagua uso wa kuniambia nao.

Siku hizo niliacha kula. Sikumwambia mtu kwamba nataka kufa. Niliacha tu kufungua mdomo. Jirani mmoja alichungulia akamuuliza mama, "Kwani kafunga?" maana wapo wanaofunga zile siku sita za Shawwal, baada ya Idi. Mama akamjibu, "Hajafunga. Kasusa." Halafu akaniletea ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki, akakaa karibu na kichwa changu.

"Kula, Somoe. Kama unataka kufa, kufa umeshiba, wasije wakasema nilikunyima."

Nilikula. Siyo kwa tumaini. Nilikula kwa sababu mkono wake uliokuwa na tonge ulikuwa unatetemeka, na sikutaka lianguke.

Kliniki tulikwenda mara kwa mara, kwa gari la kukodi lililoletwa na Mjomba ambaye anakaa mbele na dereva na haongei, mama yuko nyuma amenipakata haongei, na mimi katikati ya kimya chao. Kwenye chumba cha mazoezi kulikuwa na mtaalamu mmoja ambaye wagonjwa wote tulimwita Mazoezi, na yeye aliitika. Anavuta mguu wangu, anaukunja, anaongea nao: "Haya mzee, amka, bibi yako kachoka." Kila safari ananichoma kwa kijiti, unasikia? Hapana. Hapa? Hapana. Niliona anavyoficha uso. Nikajifunza kujibu hapana kabla hajachoma.

Mikorosho ikatoa maua, ikabeba, mabibo yakaanza kuanguka. Mama hakuweza kuniacha nyumbani peke yangu, kwa hiyo wakanibeba kwenye machela ya mkeka mpaka shambani, nikalazwa chini ya mkorosho wakati yeye anaokota. Ni siku moja ya siku hizo. Nilikuwa nimefumba macho nanusa mabibo. Nikasikia moto.

Mdogo, kama cheche. Mguuni. Mguu wa kushoto.

Nilifumbua macho sikuamini. Maji moto walikuwa wamenipanda, wale wadudu wekundu, chungu wa kwenye mikorosho, safu nzima iko juu ya wayo wangu. Mama akaja mbio na jani.

"Acha!" nikapiga kelele. Mimi, kelele. "Mama, acha waniume! Acha waume!"

Aliduwaa na jani lake. Kisha akaelewa, akaanguka chini pale kwenye majani makavu, akawa anawatazama chungu wakimuuma mtoto wake na kusema "Wameuma wapi? Na hapa? Na hapa, mama?" kama anayeuliza bei ya dhahabu. Mguu wa kulia haukusikia kitu. Mpaka leo unasikia kidogo tu, kama kupitia blanketi. Lakini wa kushoto ulivimba wote, nami niliuguza uvimbe ule kwa mapenzi.

Mazoezi alifurahi mpaka akamwita mwenzake aje aone. Lakini alisema ukweli: kusikia siyo kusimama. Ningetakiwa kujaribu kusimama kila siku nyumbani, na siku ya kwanza nitaanguka, na nikianguka tena juu ya mgongo ule, basi. "Kitafutwe kitu cha kumshika kutoka juu," alisema. "Kitu kinachobeba mwili wote, siyo kiuno tu."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Niliona jinsi alivyoinua kichwa.

Ijumaa iliyofuata alikuja Mahurunga na vyuma juu ya gari. Akachimba mashimo mbele ya nyumba, akasimika nguzo mbili, akalaza bomba la chuma juu yake, bomba lilelile la kupokelea waya ambalo halikupata kuwekwa kwenye paa la Baba Neema. Watoto wa jirani wakadhani ni goli, jioni wakaanza kupiga mashuti. Chini akaweka vyuma viwili vya kushikia mikono. Halafu akatoa mkanda. Mkanda wangu. Aliuosha, bado ulikuwa na alama ya kokoto kwenye bega. Sikuwa nimeuona tangu siku ile.

Lakini kazi ilikwama. Wiki na wiki goli lilisimama pale, kwa sababu kamba ilihitaji mtu wa kuifunga, na Mjomba alikuwa hawezi. Anashika ncha, anaanza fundo, anaiachia, anaondoka. Na mama alikuwa hataki aifunge yeye. Na mimi, nitasema tu, nilikuwa naogopa kuuliza. Swali lenyewe lilikuwa lina neno moja tu duniani, na neno lile hakuna aliyeweza kulisema nyumbani kwetu.

Ramadhani ikarudi. Siku ya kwanza yake, asubuhi, jua limeshatoka, Mjomba akafika kama kawaida. Mama alikuwa anafagia uwanja. Akafagia mpaka alipofika miguuni pake, akasimama.

"Dadi."

Mjomba akashtuka kama aliyepigwa na umeme. Karibu mwaka mzima hakuwa amesikia jina lake kwenye mdomo ule.

"Hilo fundo linafungwaje? Nionyeshe. Nifunge mimi."

Akamwonyesha. Anaongoza kwa kidole bila kugusa, zungusha, pitisha chini, rudisha, kaza. Mama alifunga, akafungua, akafunga tena, amekunja uso kama mtu anayefunga mzigo wa kuni wa kwenda mbali. Wakaniletea kiti, wakanivalisha mkanda, mabegani, mapajani. Nilikuwa na pampasi ndani. Bado ninazo siku nyingine, sitaki nikudanganye. Wakanipandisha kwenye vyuma. Mikono yangu ikashika. Kamba ilipita nyuma ya kichwa changu, ikapanda juu ya bomba, ikashuka upande wa pili, nyuma yangu, mahali ambapo siwezi kuona.

Nilijaribu. Mdomo ulifunguka, neno likagoma.

Mjomba aliniona. Kazini kwake siku hizi, nilikuja kujua, hakuna anayeuliza kwa mdomo tena. Mwenye kamba lazima ashuke alione fundo kwa macho yake, na anayebisha anarudi kwao. Lakini mimi sikuweza kushuka kwenda kuona. Kwa hiyo hakuniambia kitu. Alizunguka mpaka kule kamba ilikofungwa, akaishika juu ya fundo la mama kwa mikono yote miwili, akakunja miguu, akaning'inia kwa uzito wake wote, mtu mzima, mbele ya watoto wa jirani. Bomba likalia. Miguu yake ilikuwa hewani, nami nilikiona kivuli chake ardhini, kikibembea.

Fundo halikusogea.

"Mwanangu," akasema, pumzi zimemkatika.

Nikaachia chuma, mkono mmoja, halafu mwingine. Nikaegemea nyuma.

Ikakaza.